Kuogesha Mgonjwa Kitandani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo yenye kifuniko, na ndani ya ndoo mlikuwa na mguu wa mtu. Niliambiwa nikaufukie nyuma ya jiko, penye shimo la majivu, kisha nirudi upesi kufagia wodi. Mwenye mguu alikuwa hai, mtu wa Marani, amelala kitanda cha dirishani. Nilipopita na ndoo akaniuliza kwa Kikisii nauzika wapi. Nikamwonyesha kwa kidevu. Akasema kwao mtu huzikwa nyumbani, sasa yeye atazikwa mara mbili, na mara ya kwanza ameanza kwa wageni. Sikujua kama anatania au analia. Dresa Mkuu aliniambia baadaye kwamba mtu anayeweza kutania baada ya kukatwa mguu atapona, na kweli alipona, akarudi kwao na gongo. Lakini kila alipokuja kufungwa kidonda aliniuliza mguu wake haujambo.

Naanza na mguu kwa sababu ndivyo kazi ilivyonianza. Ninyi vijana mnaoingia chuoni leo mnapewa sare iliyopigwa pasi na kitabu chenye picha. Sisi tulipewa ndoo.

Nilikuwa nimesoma shule ya kanisa kijijini, kiasi cha kusoma kitabu cha dini na kuandika jina langu. Ilikuwa miaka ya thelathini, kabla ya vita vya pili. Kiswahili changu kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Aliyenipa Kiswahili cha kukaa na watu ni huyo Dresa Mkuu, mzee Mwislamu wa Kisii mjini, ambaye watu wake walikuja zamani na askari wakabaki wakafungua maduka. Dresa ni mtu wa kufunga vidonda. Anasafisha, anapaka dawa, anafunga bandeji, anapima joto, anachoma sindano akiruhusiwa. Huyu mzee alikuwa akifunga bandeji ya kichwa mpaka mgonjwa anataka kwenda nayo sokoni. Na alikuwa na neno lake moja, akilisema kila asubuhi tukinawa: mkono wa dresa hauna ukoo. Ilikuwa rahisi kwake kusema. Ukoo wake wote ulikuwa mtaa mmoja pale mjini. Wangu ulikuwa nusu ya wodi.

Hospitali yenyewe sitaitaja jina. Ilikuwa kati ya Kisii na Nyamira, kilimani, na waliokuwa wakubwa wake wengine wana wajukuu. Ngazi ya kazi ilikuwa hivi: unaanza mfagiaji, unapanda kuwa boi wa wodi, yule wa kubeba mikojo na kugeuza wagonjwa, kisha dresa, na juu kabisa muuguzi mwenye cheti. Mwenye cheti alipelekwa mahali popote Kenya na kupewa nyumba ya mawe, na daktari alimuuliza maoni yake hata kama hakuyafuata. Asiye na cheti alikuwa mkono tu, na kichwa kilikuwa cha mtu mwingine. Mimi nilikitaka cheti kuliko nilivyotaka ng'ombe, na mnajua Mkisii anavyotaka ng'ombe.

Chuo kilikuwa kibanda cha mabati chenye mabenchi na ubao, na kwenye kona ilining'inizwa mifupa ya mtu mzima kwa waya. Mwalimu wetu alikuwa Bibi Sista, Mzungu mrefu, mkali, lakini hakuwa na kinyongo. Hiyo mifupa ilituletea maneno. Mama mmoja kutoka Mosocho alisikia kijana wake anashinda na mifupa ya mtu, akaja mbio na kisu cha kukatia mboga, akamtoa mwanawe darasani kwa sikio. Alisema mifupa ya watu wanaitunza wachawi, na kama kijana anataka uchawi basi hata nyanya yake angeweza kumfundisha bila kuamka mapema. Bibi Sista akauliza mama anasema nini. Dresa Mkuu akamwambia mama anashukuru sana kwa masomo. Yule kijana hakurudi. Nasikia alikuwa fundi wa baiskeli, na huenda alichagua vizuri.

Lakini nilitaka kuwaambia juu ya gunia. Kazi ya kwanza ya muuguzi, na ndiyo iliyotumika kwenye mtihani, ilikuwa kuogesha mgonjwa kitandani. Msidhani ni kumwagia mtu maji. Unamfunika blanketi moja, unatoa shuka chini yake bila kumfunua. Unaosha uso bila sabuni, halafu mkono mmoja, unaukausha, unaufunika, ndipo unafunua wa pili. Kifua, tumbo, miguu, mgongo, na mwisho sehemu za siri, na hapo unabadilisha maji. Wakati wote sehemu inayoonekana ni ile moja unayoosha. Bibi Sista alisema mgonjwa aliyeogeshwa vizuri hajui kama alivuliwa. Na kwa kuwa hatukuwa na mwanasesere wa kujifunzia, tulishona gunia la nyasi kavu, tukalitia mikono na miguu. Tuliliita Mgonjwa wa Gunia. Nililiogesha gunia lile mpaka likaota ukungu, tukashona jingine.

Nikapanda. Nikawa dresa, nikapelekwa zahanati ya Nyamarambe kuchoma sindano za buba. Buba ni vidonda vinavyokula ngozi, na sindano yake iliponya haraka mpaka watu walikuja wakiimba. Walidai sindano hata wasio na buba. Huko nilioa, binti wa nyumba kubwa. Baba mkwe alikuwa na wake kadhaa. Na hapa lazima niwaeleze jambo, kwa sababu vijana wa siku hizi mnacheka.

Sisi tuna chinsoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye woga ndani yake. Kuna watu ambao huwezi kuona mwili wao wala wao kuona wako, wala kugusana: mama mkwe na mkwe wake, baba na mke wa mwanawe. Na mama mkwe si mmoja. Wake wote wa baba mkwe ni mama wakwe, hata yule aliyeolewa jana. Ukivunja, aibu haikai kwako peke yako. Inaingia nyumba zote mbili, kwa watoto na kwa mifugo, na inabidi wazee wachinje mbuzi. Ndiyo maana jina la mama mkwe wangu sitaliandika, hata leo.

Basi niliitwa kutoka Nyamarambe kuja kufanya mtihani wa cheti. Mkaguzi alitoka Nairobi, Mzungu mwenye kaptula na soksi ndefu. Alitembea kati ya vitanda pamoja na Daktari na Bibi Sista, akanyoosha kidole: kitanda kile. Nikaenda na beseni langu, taulo mbili na sabuni. Niliposogeza blanketi kutoka usoni nikamwona mke mdogo wa baba mkwe wangu. Alikuwa ameletwa jana yake, ameungua nyonga na paja kwa uji. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Aliniona, akavuta blanketi akajifunika kichwa.

Akasema kutoka ndani, kwa Kikisii, "Mwanangu, ni wewe uliyetumwa?"

"Ni mimi, mama."

"Hakuna mwingine?"

"Leo hakuna mwingine."

Kisha akasema, "Basi nenda ukachote maji mengine. Haya yamepoa."

Maji yalikuwa yanatoa mvuke. Nilielewa. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke bila aibu.

Mkaguzi akauliza kuna nini. Nikamwambia Bibi Sista ni mama mkwe wangu, naye akamweleza. Mkaguzi akacheka, akasema mama mkwe gani huyu ambaye ningeweza kumbeba mgongoni akiwa mtoto. Nikamwomba anipe mgonjwa mwingine, mwanamume au mwanamke, mwenye kichaa au mwenye ukoma, yeyote. Akasema muuguzi hachagui. "Osha," akasema, "au ondoka."

Nikatundika taulo ukingoni mwa kitanda, nikachukua beseni nikaenda kuchota maji. Sikurudi. Aliyemwogesha ni Dresa Mkuu. Alinikuta nyuma ya jiko, karibu na shimo la ule mguu.

"Nimekuambia miaka yote hii, mkono wa dresa hauna ukoo."

"Wangu unao, mzee," nikasema.

Hakunigombeza. Alinipa ndizi mbivu.

Nyumbani nikawa mtu. Baba mkwe alileta jogoo mwenyewe kwa mkono wake. Watu wa Nyamarambe walinipisha njiani, na habari ilisimuliwa kwenye pombe na kwenye mahari: mkwe wa kweli ni yule dresa aliyemwacha Mzungu na beseni lake. Mke wangu aliwasimulia watoto. Kazini nilikuwa nimekwisha. Bibi Sista aliniahidi nitajaribu tena mkaguzi akija, lakini kabla hajaja sheria ilibadilika, kwamba wanaoingia mtihani wa cheti lazima wawe wamemaliza shule ya juu. Mimi shule yangu niliimaliza kabla haijaanza. Nilimuuliza Bibi Sista sasa nifanye nini. Akasema, "Utashona gunia." Hakusema kwa dharau. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo.

Nikashona gunia. Nilihamishwa Marani, nikarudishwa hospitali, nikawafundisha vijana waliokuja na viatu. Niliwaonyesha jinsi ya kukunja shuka, jinsi ya kushika beseni kwenye kiuno cha kushoto ili mkono wa kulia ubaki huru. Walifanya mtihani wakapata, wakaondoka. Mmoja alirudi na suti akikagua zahanati, akaniita mzee wangu, akaniambia bandeji yangu ni ya kizamani. Ilikuwa kweli. Mtu akikaa chini ya ngazi akiishikilia, anajifunza soli za viatu vya watu.

Vita vikaisha, Dresa Mkuu akafa, na chuo kikaanza kuchukua wasichana. Mwanzoni wazazi walikataa, kwamba msichana ataolewa na nani akishazoea miili ya wanaume. Baadaye wakakubali mmoja mmoja. Kijana wangu wa kwanza, aliyekuwa karani kwenye majani chai kule Kericho, akampenda mmoja wao. Nilipeleka ng'ombe kwao. Metroni, maana sasa palikuwa na Metroni juu ya wauguzi wote, alisema msichana akifunga ndoa kabla ya cheti anatoka chuoni, kwa hiyo harusi ya kanisani ikangoja. Lakini kwetu ng'ombe wakishavuka, msichana ni mke wa mwanangu. Naye baba yake alimwambia wazi: akishindwa mtihani arudi nyumbani, asimuaibishe kwa kuzurura mahospitalini.

Nilimfundisha hivyo hivyo. Hakuwahi kunitazama usoni. Swali lake aliliuliza gunia, nami nilimjibu gunia. "Mgonjwa mwenye kidonda cha mgongo anageuzwa upande gani?" anauliza akiinama juu ya nyasi. Nami nikitazama dirisha nasema, "Gunia, wewe ungegeuzwa upande usio na kidonda." Wenzake walikufa kwa kucheka. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwaona, na niliona angepata kile nilichokosa, na nyumba yangu ingekuwa nacho. Nilikuwa mjinga wa furaha miezi ile.

Kisha ngiri ikanishika. Ni ugonjwa wa wanaobeba, na mimi nilikuwa nimebeba watu maisha yangu yote. Nikapasuliwa, nikalazwa wodi ya wanaume, ile niliyoifagia. Tumbo limeshonwa, siwezi kukaa wala kujigeuza. Na mtihani ukatukuta hapo.

Mkaguzi safari hii alikuwa mwanamke, mwenye miwani. Alipita na Metroni akielekeza kwa penseli. Msichana huyu, kitanda kile. Penseli ikaniangukia mimi. Nilitazama nani anakuja, nikaona beseni kwenye kiuno cha kushoto.

Alisimama mwisho wa kitanda. Kitanda cha pili alilala mzee wa kwetu, wa kilima kimoja na mimi, naye aliinua kichwa. Metroni akasema, "Anza." Msichana hakuanza. Nikaona uso wake unageuka kuelekea mlangoni, na nilijua kabisa anakokwenda. Alikuwa anakwenda kuchota maji mengine.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Angeondoka, ningebaki na heshima yangu, na yeye angerudi kwao kulima wimbi. Watu wangeongeza habari yake juu ya yangu, wangesema nyumba ile inajua heshima, baba na mkamwana. Nilifikiri habari hiyo inavyosimuliwa vizuri. Nikafikiri gunia.

Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika na Mkaguzi, "Nesi, maji hayo yana moto wa kutosha. Fanya kazi yako."

Sikuwahi kusema naye Kiswahili. Kiswahili tunasema na wageni.

Alisogeza beseni karibu, akajibu, "Ndiyo, mzee."

Akaniogesha. Uso bila sabuni. Mkono mmoja, akaukausha, akaufunika. Hakuruka chochote na hakuharakisha chochote, na alipofika mwisho alibadilisha maji. Mimi nilitazama boriti ya dari. Ilikuwa na buibui. Mzee wa kitanda cha pili aligeukia ukuta akakohoa mpaka kazi ikaisha. Bibi Sista alisema kweli, kwamba mgonjwa aliyeogeshwa vizuri hajui kama alivuliwa, lakini hakusema hivyo juu ya mgonjwa wa namna yangu. Mkaguzi akaandika, akasema vizuri sana, wakaenda kitanda kingine.

Alipata cheti. Nami nilipotoka hospitali habari ilikuwa imenitangulia nyumbani. Ndugu zangu walikaa, wakasema kuna mbuzi, kuna wazee, jambo linaweza kusafishwa. Kijana wangu akaja kutoka Kericho. Hakuingia ndani. Tulizungumza uani, amesimama.

"Tata," akasema, maana ndivyo tunavyomwita baba, "ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ungekataa."

"Ningeweza."

"Wewe mwenyewe ulikataa zamani. Sisi tumelelewa na habari hiyo. Mama alitusimulia tukila. Sasa mimi niwasimulie wangu ipi?"

Nilimwambia kuna mbuzi. Akasema mbuzi atasafisha nyumba, hatasafisha barabara. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Wiki chache baadaye ng'ombe wangu walirudishwa, pamoja na ndama aliyezaliwa huko, na uchumba ukafa. Kijana alioa mtu wa Kericho. Barua anaandika kwa mama yake.

Nilistaafu kabla miaka ya hamsini haijaisha. Walinipa blanketi na kunishika mkono. Shimo la majivu lilikuwa limefukiwa, wakajenga darasa jipya la mawe juu yake, na wanafunzi wanajifunza mifupa pale wasijue kwamba chini yao kuna mfupa mwingine, wa mtu wa Marani. Mnaniuliza, ninyi vijana, kama kazi ya uuguzi ni nzuri. Ni nzuri kwa mgonjwa. Kwa mwenye kuifanya sijui. Mara ya kwanza niliishika desturi, cheti kikaenda. Mara ya pili nikaiachia, mwana akaenda. Nimekaa na mambo hayo mawili nikiyageuza kama unavyomgeuza mtu mwenye kidonda, na kila upande una kidonda. Wazee wengine huwa na neno la kuwaachia watoto. Mimi lile la Dresa Mkuu nililisema maisha yote kwa wanafunzi wangu, na sijui mpaka leo kama ni la kweli.

Yule msichana alikuja mara moja. Nilisikia walikuwa wamempeleka upande wa ziwa, ana kofia nyeupe na wodi yake. Ilikuwa asubuhi, mke wangu anapepeta wimbi, mimi nimekaa mlangoni na mguu wangu uliochoka kwa uzee. Alikuja na sukari na sabuni kwenye kikapu. Hakuwa tena mtu wetu. Hakuna ng'ombe aliyemfunga kwetu wala neno la kanisa. Angeweza kuja mpaka mlangoni kama mgeni mwingine yeyote, anipe mkono.

Alisimama penye ghala, pale anaposimama mke wa mwana. Akageuza uso pembeni, akaweka kikapu chini, mke wangu akakifuata. Kisha akaniamkia kwa Kikisii, "Bwakire, tata."

Nilifungua mdomo nimjibu, nikatafuta nimwite nani. Mwanangu hakuwa tena mume wake. Nesi ni neno nililomwambia siku ile, sikuweza kulirudia. Jina lake sina ruhusa nalo. Alingoja, uso umegeukia migomba, alingoja kwa heshima, kama mtu anayengoja mgonjwa apumue. Halafu akachukua kikapu kitupu akashuka njia ya mtoni.

Sabuni ile bado iko. Mke wangu anataka tuifulie. Namwambia aiache.